Faraja Hasikii Tena, Mama

Makambako,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa nje, jua la asubuhi limekupasha miguu, na lile goti la kushoto limekupa nafuu. Muhogo umekauka? Kaka Lazaro bado anasubiri mgodi wa Mchuchuma ufunguliwe apate kazi, au ameshashika jembe kama watu wengine? Mwambie namtania. Yeye ndiye atakayekusomea, kwa hiyo nakuomba, kaka, soma polepole. Mama akisema rudia, rudia. Usiruke kitu kwa kumwonea huruma.

Sisi huku tupo. Baridi ya Makambako unaijua, ulipokuja ile mara moja ulilala na masweta yako yote na bado ukalalamika mpaka asubuhi. Upepo ni uleule na vumbi ni lilelile. Mimi nauza masweta ya mitumba karibu na stendi, na mume wangu Enoki bado anaendesha lori la kukusanya majani ya chai kule Lupembe, anarudi nyumbani Jumamosi. Miili yetu ni mizima. Ni moyo tu ndio haujapona.

Mama, ulipopiga simu mara ya mwisho uliniuliza, "Tabita, ni kweli mmempeleka mjukuu wangu kwenye shule ya mabubu? Mmeshamkatia tamaa?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeanza kulia na sikuweza kuendelea. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu. Kwa maandishi naweza kulia nikafuta machozi, nikaendelea na sentensi.

Unajua kwamba Faraja aliugua wakati wa mvua, lakini sijawahi kukusimulia yote. Alirudi kutoka shule ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikampa dawa ya maumivu, akalala. Jua lilipozama alikuwa anatapika, shingo imekakamaa kama mti, na nikiwasha taa analia nizime. Enoki alikuwa Lupembe. Jirani alinisaidia kumbeba hadi hospitali ya hapa, na wao hawakukaa naye, walituingiza kwenye gari la wagonjwa tukapelekwa Njombe. Daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo. Siku zile, mama, nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba asife. Sikukumbuka kuomba kingine.

Na Mungu alinipa hicho nilichoomba. Asubuhi moja alifumbua macho akanijua. Ile wodi ilikuwa imejaa watoto. Kitanda cha pembeni kulikuwa na kichanga kinalia kwa hasira, muuguzi anasukuma toroli lenye gurudumu linalopiga kelele, na mvua inanyesha juu ya bati kiasi kwamba watu wazima tulikuwa tunasemezana kwa kupaza sauti. Faraja akatazama huku na huku, akaniuliza kwa nguvu, "Mama, mbona wote mmenyamaza?"

Nikadhani bado anaweweseka. Nikamwambia, "Hatujanyamaza, mwanangu. Nipo hapa."

Akanitazama mdomo. "Sema basi," akasema. "Mama, sema."

Walimpima masikio zaidi ya mara moja. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, alitukalisha mimi na Enoki akatueleza bila haraka. Alisema ugonjwa umeharibu sehemu ya ndani kabisa ya masikio yote mawili, na kwamba hawategemei Faraja asikie tena. Hata vile vifaa vya kuvaa masikioni havitamsaidia. Enoki akauliza, "Sasa tutegemee lini?" Daktari akasema, "Baba Faraja, nimesema hatutegemei." Enoki akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, halafu akauliza tena, "Kwa hiyo baada ya muda gani?"

Ile chupa ya dawa uliyotuma kwa kondakta wa basi ilifika salama. Enoki alitaka tuitumie siku ileile, mimi nikakataa, kwa sababu daktari alitukataza kumtia kitu chochote masikioni. Najua uliipata kwa taabu. Nimeiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na sijaweza kuitupa. Lakini mama, usitume nyingine.

Tuliporudi nyumbani nilifikiri kazi ngumu imekwisha. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imejengwa kwa sauti na mimi sikujua. Nilikuwa namwamsha kwa kumwita kutoka jikoni. Nilikuwa namkemea nikiwa nimempa mgongo, mikono ikiwa kwenye unga. Tulikuwa tunaimba pamoja tukifua. Sasa nikitaka kumwambia "funga mlango" inabidi niache nilichoshika, nimfuate, nimguse, nionyeshe mlango. Nikichoka namwacha, nafunga mwenyewe. Jioni najikuta siku nzima sijamwambia mwanangu lolote zaidi ya kula na kulala.

Enoki naye. Unakumbuka alivyokuwa akifika Jumamosi, anapiga honi pale kwenye kona, na Faraja anaacha chochote alichoshika anakimbia mpaka barabarani? Jumamosi ya kwanza baada ya hospitali alipiga honi vilevile. Faraja alikuwa amekaa kizingitini, ameipa barabara mgongo, anachambua maharage. Akapiga tena, ndefu, mpaka majirani wakatoka. Mtoto akaendelea kuchambua maharage. Nikamwona Enoki amezima gari, amebaki ndani, mikono juu ya usukani. Jumamosi iliyofuata akapiga tena. Na iliyofuata. Sikuwa na moyo wa kumwambia aache.

Shuleni mwalimu wake alijitahidi, alimhamishia dawati la mbele. Lakini mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, Faraja hajui kinachosemwa. Watoto wakaanza kumcheza shere nyuma yake. Akaacha kutoka wakati wa mapumziko, kisha akaacha kunyoosha mkono, kisha akaacha kuongea. Siku moja tunavuka barabara, bodaboda ikapita karibu kabisa na bega lake, yule kijana akageuka akamfokea, "Wewe mtoto, huna masikio?" Nilifungua mdomo nimjibu. Nikasimama pale barabarani kama mjinga.

Halafu jioni moja nilikuwa namsuka. Akageuka ghafla, nywele nusu zimesukwa nusu bado, akaniwekea kiganja kooni. "Ongea," akasema. Nikataja jina lake. Akasikiliza kwa mkono ule. Akasema, kwa ile sauti yake ambayo siku hizi inapanda na kushuka bila mpango, "Mama, nasahau sauti yako."

Usiku ule sikupata usingizi.

Mama mchungaji wetu ndiye aliyenieleza kuhusu shule ya Njombe, ya watoto viziwi, wanakaa bweni na wanasoma masomo yote kwa lugha ya alama. Nilipomwambia Enoki, alisimama akaacha chakula. "Mwanangu si kiziwi," akasema. "Mwanangu anaumwa."

"Anaumwa wapi, Baba Faraja?" nikamuuliza. "Nionyeshe panapomuuma."

Alitoka akaenda kufungua boneti ya lori ambalo halikuwa na ubovu wowote. Aliporudi alisema, "Twende tukaone. Kuona tu."

Mama, nilitegemea kuona mahali pa huzuni. Tuliingia getini wakati wa mapumziko, nikaona watoto wanakimbizana, wanagombania mpira, wasichana wamekaa kwenye nyasi wanasengenya kwa mikono, na mmoja anacheka mpaka analala chini. Faraja alijificha nyuma ya sketi yangu. Matroni wa bweni, ambaye naye hasikii tangu utotoni, alikuja akachuchumaa mbele yake. Hakumwambia neno. Alimtazama usoni kwa muda, akagusa lile kovu dogo la Faraja juu ya nyusi, alilolipata alipoanguka kwako ukingoni mwa ziwa, kisha akagusa nyusi yake mwenyewe vilevile. Mwalimu aliyekuwa pembeni akatufafanulia kwamba amempa jina. Pale kila mtu ana jina la mkono. Msichana mmoja mkubwa akaja, akalijaribu lile jina, akamwonyesha Faraja lake, la kuvuta ncha ya sikio na kukunja uso kama anayenusa kitu kibaya. Faraja akacheka.

Hatukuwa tumemwona akicheka tangu mvua.

Enoki akaondoka pale. Nilimkuta nyuma ya stoo ya kuni ameegemea ukuta, anafuta uso kwa kofia. "Umeona?" akaniambia. "Amecheka bila sisi." Nikamwambia, "Amecheka, Baba Faraja. Amecheka." Akavaa kofia yake, akauliza mtoto atahitaji godoro la ukubwa gani.

Siku ya kumwacha, Faraja hakulia. Mimi nililia ndani ya Kosta kutoka Njombe mpaka Makambako, na mama mmoja aliyeketi karibu yangu alinipa kitambaa, hata hakuniuliza nina nini. Kama unadhani tumemkatia tamaa, ungeniona jioni ile nimesimama jikoni, nimeshika sahani yake, sijui niirudishe wapi.

Siku hizi wazazi tunafundishwa lugha ya alama pale shuleni, Jumamosi moja moja. Enoki anaomba ruhusa kazini, anakuja moja kwa moja na nguo za kazi. Vidole vyake ni vinene na vimezoea spana, akitaka kusema "maji" anasema kitu kingine kabisa, na Faraja anamshika mkono, anamkunjia kidole kimoja kimoja mpaka kikae sawa. Honi hapigi tena. Anasimamisha lori, anakuja mpaka alipo mtoto, anamgusa bega.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba sasa yote ni mema. Faraja anakwenda mbio kuliko sisi. Nikimtembelea namkuta na wenzake, mikono inaruka, wanaambiana mambo, nami nimesimama na mfuko wangu wa maandazi kama mgeni. Namuuliza walikuwa wanasema nini, ananifupishia, kama mimi nilivyokuwa namfupishia yeye. Na mdomo wake, mama, unanyamaza kidogo kidogo. Zamani nikifika getini alikuwa anapiga kelele "Mama!" Mwezi uliopita alilisema kwa sauti ya chini, limekatika katikati, akaona watoto wanaosikia, wapita njia, wanamgeukia, akafunga mdomo. Akavuta kola ya sweta lake. Hilo ndilo jina langu, alinipa mwenyewe kwa sababu ya biashara yangu. Nilitamani kumwambia, hapana, liseme tena kwa mdomo, niite kama zamani. Kwa miaka tisa niliitwa vile. Lakini niliona amesimama anasubiri, kola bado iko mkononi. Nikaitika. Nilivuta kola yangu, nikagusa nyusi yangu.

Nadhani hapo ndipo nilipokubali, kama kukubali ndiko huku. Si kwamba haliumi. Yule mtoto aliyekuwa anakuimbia kwenye simu hatarudi, mama, na mimi na wewe tuna haki ya kumlilia. Lakini huyu aliyepo yupo, na ananisubiri nijifunze.

Shule zikifunga Desemba tutakuja wote watatu, kwa basi la Ludewa, kisha tutatafuta usafiri wa kuteremka ziwani. Nilimuuliza wewe utaitwaje. Akaniambia hawezi kukupa jina ukiwa mbali, mpaka akutazame.

Nisalimie mama mdogo na umwambie kitenge kimefika. Mjomba anayepiga kengele ya kanisa, mwambie namkumbuka. Shangazi mpe pole ya macho. Wifi yangu, mke wa Kaka Lazaro, mwambie awaandae wanawe, wasije wakampigia Faraja kelele masikioni kumjaribu. Hasikii. Wamguse mkono, wasimame mbele yake, kwenye mwanga.

Na wewe mama, nina ombi moja. Najua ukiona gari linateremka utatoka nje na kuanza kumwita tangu mbali, maana ndivyo ulivyotupokea sote maisha yako yote. Usimwite. Kipande kile cha mwisho cha njia tutashuka kwa miguu, naye atakuwa anatazama chini, anaogopa mawe. Njoo na goti lako hilohilo, tembea taratibu, mpaka uwe karibu naye. Kisha simama, umwache ainue macho akuone.

Ni mimi mwanao,
Tabita