Brashi ya Mafundi Chuma

Baoji, mwezi wa tisa

Kaka Weimin,

Sisi wazima. Mama bado anakupakulia tambi za siki, kisha analila bakuli lako mwenyewe.

Jana msimamizi wa kiwanda alinipa cheo chako cha ukaguzi. Akawaambia mafundi, "Mwigeni Shuqin. Metali hii ya titani haishiki kutu hata baharini, lakini isugueni kwa brashi iliyogusa chuma muone kama haitaoza."

Kaka, lile bomba la titani lililorudishwa limetoboka, ukafukuzwa kazi kwa sababu ulilipitisha kwenye ukaguzi, nililisugua mimi. Brashi yetu ilikuwa mbali, nikaazima ya mafundi chuma. Uliponiuliza nimetumia brashi gani, nikacheka: "Kaka, leo ndiyo unanikagua mimi?" Ukaona aibu, ukatia saini.

Cheo nimekipokea.

Mdogo wako,
Shuqin