Karatasi Niliyopewa Niitunze

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Valentin,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mchesi, Lilongwe, mkeo Carelle mgongo umemwachia, na watoto wanakula vizuri. Sisi huku ni vumbi na foleni ya maji. Cherehani yangu bado inakata uzi kila nikiwa na haraka, inanijua tabia. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maneno ya kunifariji, nami ningekubali kufarijiwa.

Unakumbuka lile somo ninalofundisha na viongozi wa zoni za kambi. Mwanzoni watu walitukimbia. Kumwuliza mgonjwa anataka atunzwe vipi siku akishindwa kusema, na nani aseme badala yake, kwao kulikuwa ni kumchimbia kaburi angali anapumua. Mama mmoja alinifukuza na mwiko wenye nsima, ugali wao wa huku. Basi muuguzi tunayefundisha naye akashauri viongozi watangulie wao. Papa Sindayigaya, kiongozi wa zoni yetu, akasimama kanisani akasoma karatasi yake mwenyewe: akizidiwa asipelekwe mbali, na mke wake ndiye aamue. Mke alilia, halafu akapiga makofi. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuja wenyewe.

Baba naye akataka yake. Kansa ya koo ilikuwa imeanza kumbana sauti, na alishaambiwa haitapona. Alimwita Papa Sindayigaya nyumbani amwandikie, mimi akanituma kupika uji. Niliporudi walikuwa wamemaliza. Akanikabidhi karatasi imekunjwa, akasema mimi ndiye ninayejua kutunza vitu vya nyumba hii. Nilifurahi mno. Tangu uhame kambini ukiwa umegombana naye, mimi ndiye niliyemwogesha na kumpondea chakula. Sikuwa na shaka jina lililoandikwa mle ni langu.

Mwezi wa sita hakuweza tena kumeza hata maji, nikaomba gari la kumpeleka Lilongwe. Papa Sindayigaya alikuja mbio kuuliza kama wewe unajua. Nikamwambia wewe ndiye uliyeagiza. Kule wodini wakauliza nani anasema kwa niaba ya mzee, nikasema ni mimi. Walinieleza kwamba tunaweza kurudi naye nyumbani na dawa za maumivu, au apitishiwe mpira wa chakula puani. Nikachagua mpira. Baba akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena, ndipo wakamfunga mikono kwa bendeji, nami nikakubali. Ulipofika wodini ulimkuta hivyo. Uliniuliza kama aliwahi kuandikisha lolote, maana hukujua yeye mwenyewe alitaka nini. Nikakujibu hapana. Ukasema mimi ndiye niliyekaa naye, nifanye nionavyo, ukatoka nje kulia. Siku ya tatu akafa, mikono ikiwa bado imefungwa.

Jana Papa Sindayigaya alifundisha kanisani, akamtoa Baba kuwa mfano. Alisema Papa Valentin, kama wanavyomwita Baba hadi leo, alimchagua mwanawe, mwana akaamua apelekwe Lilongwe, na familia ikatii. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikaa pale mbele, mwalimu mzima, nikatamani ardhi inimeze.

Valentin, karatasi niliisoma siku ileile, nikiwa jikoni, na uji ukaungua. Nilikuchukia. Niliona wewe uliyeondoka unapewa, na mimi niliyebaki ninanyimwa. Kisha nikaogopa kwamba ungemwacha afe. Kule wodini vyote viwili vilikuwa moyoni mwangu, wivu na woga, na hata leo siwezi kukwambia kipi kilinisemesha. Najua tu kwamba Baba alinitazama wakati wanamfunga, na alijua kwamba mimi ninajua.

Kila tukiongea unasema Baba alikufa amekukasirikia, nami nanyamaza. Karatasi imo humu, ni yako. Jumapili nitasimama kanisani niseme ukweli, uwepo au usiwepo. Sikuombi unisamehe sasa.

Msalimie Carelle, na watoto wote uwakumbatie kwa ajili yangu. Gabriella anayekuletea bahasha hii hajui kilichomo, mpe maji anywe umwache aende. Nanakili hapa maneno ya Baba, maana mwandiko wa Papa Sindayigaya unasumbua macho:

“Nikishindwa kusema, Valentin njo aseme. Musinipeleke Lilongwe, musiniwekee mipira. Nikufie ku nyumba yangu, batu ba kwaya baimbe. Maombi ananipenda sana, hataweza kuniachia niende. Valentin anajua kuachia. Maombi amwambie mi sina hasira naye tena.”

Ni mimi dada yako, niliyetumwa nikwambie,
Maombi