Taa Niliyoizima

Jumatatu, 9 Julai 2007
Abdulwahid, mume wa mdogo wangu Khawla, kaja gereji Jang'ombe na Noah yake. Taa nyekundu ya mfuko wa hewa, ule unaofunguka gari ikigonga, inawaka, inazimika, inawaka tena. Nimechomeka kompyuta ya kupimia chini ya dashibodi. Namba ya hitilafu ikaja hapo hapo – upande wa dereva, waya wa ndani ya usukani. Nimemwambia hapa Unguja haupatikani, nitauagiza Dar, aiache gari mpaka Alkhamis. Kasema haiwezekani. Ana wageni wa Kendwa, na hoteli haipokei gari yenye taa ya hatari.
"Izime tu, shemegi. Mwendo wangu unaujua."
Nikaifuta ile namba. Taa ikazimika. Kanishika bega, kaondoka.

Jumanne, 10 Julai
Waya nishauagiza. Nimempigia Abdulwahid, kasema taa haijarudi. Roho imetulia. Kidogo.

Jumatano, 11 Julai
Amekufa.

Alkhamis, 12 Julai
Tumemzika jana alasiri. Alikuwa anarudi peke yake, wageni kashawashusha. Mvua. Lori la mawe limesimama njiani karibu na Mahonda, kaligonga kwa nyuma. Askari kasema hakuwa na mwendo mkubwa, na mkanda kafunga. Kifua kimepiga usukani.
Nimeuliza habari ya mfuko wa hewa, kama mtu asiyejua kitu. Haukufunguka, kasema.
Waya umefika kwa boti ya asubuhi. Nimeutia mfukoni, nimekwenda nao msikitini. Sikujua pa kuuweka.

Ijumaa, 13 Julai
Hitma. Baadaye Khawla kaniita chumbani. Kashaanza eda, sauti imemkauka. Kanambia usiku wa kuamkia ajali waligombana, Abdulwahid hakulala. Mkwewe, Bi Shemsa, kasema mbele ya wanawake wote kwamba mwanawe kasinzia njiani, na aliyemnyima usingizi anajulikana.
"Kaka Ammar, ichomeke kompyuta yako kwenye ile gari. Kama ni mimi niliyemuua, nataka kujua."
Nimemwambia gari imevunjika, haitosema kitu. Uongo. Imeumia mbele tu.
Kanitazama. Kasema nijaribu.

Jumamosi, 14 Julai
Nimekwenda kituo cha polisi Mahonda, ilikowekwa gari. Kiti cha dereva kina damu, nikapiga magoti nje ya mlango. Nimechomeka. Namba ile ile imerudi. Kama alisinzia au hakusinzia, kompyuta haijui. Lakini kilichomuua mimi nakijua, na Khawla hahusiki.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia. Askari yuko mbali, anakunywa chai. Nani angejua?
Sikuifuta.

Nnaandika ndani ya gari yangu, nje ya nyumba yao. Saa nzima sasa. Maneno nishayapanga mara nne, kila mara naanza na Abdulwahid – yeye ndiye aliyetaka, yeye ndiye aliyesema. Haifai. Nianze na mimi.
Bi Shemsa katoka barazani. Kaniona. Kashaambiwa nilikokwenda. Ananiita, anauliza gari imesema nini, na dirisha la Khawla juu yake limefunguliwa nusu.
Nimeitika naam. Sijashuka bado; nikishuka, neno la kwanza ni kwamba taa niliizima mimi.