Pumba Chini, Mtama Juu

Mama Kulwa, mwenzangu,

Shikamoo. Najua ungecheka, tangu lini marehemu akaamkiwa. Lakini miaka yote tuliyokaa ua mmoja sikuwahi kuanza siku bila kukuamkia, hata zile siku tulizonuniana kwa sababu ya sufuria, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu. Leo nimekuja kuomba msamaha.

Najua pia kwamba hukujua kusoma. Meseji za Kulwa kutoka Dar nilikusomea mimi, na nyingine niliziongezea maneno matamu ambayo mwanao hakuyaandika. Sasa ndiyo nakuambia. Hii nayo nitakuja kukusomea hapo ulipo nyuma ya zizi, kwa sauti, utake usitake. Naiandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la kamati ya maafa ya kijiji, maana karatasi nyingine sina. Bado ni katibu. Siku waliyonichagua ulisema wamefanya hivyo kwa sababu mdomo wangu hauna mlango. Basi sikiliza mdomo huo ulivyofanya.

Kesho watu wa tathmini ya chakula wanarudi kutoka wilayani. Tangu alfajiri nimefagia uwanja mara mbili, halafu nikakumbuka sitakiwi kufagia, nikabaki nimesimama na ufagio.

Ngoja nianze ulipoishia wewe.

Ulipofariki ile Januari, nesi wa zahanati alisema ni malaria. Kisha akanivuta pembeni akasema, mama, malaria hii ingemwacha, ila imemkuta mwili hauna kitu. Nikamkasirikia. Nikamwambia hauna kitu vipi, wakati tunapika ua mmoja? Kila jioni nilikuita tule, na kila jioni ulinijibu kutoka mlangoni kwako, "Nimeshakula, Limi. Wape watoto." Wajukuu zako, watoto wa Doto, walikula sehemu yako wakalamba na sahani. Nami nikaona mwenzangu ana akiba yake, ana siri zake za mke mkubwa. Hata niliwahi kukuonea wivu. Unasikia? Nilikuonea wivu kwa chakula ambacho hukuwa nacho.

Siku ya mazishi wanawake wakanituma kwenye kihenge chako nichote mtama wa kuwapikia waombolezaji. Nikafungua kifuniko, mtama ule hapo, mweupe, umesawazishwa vizuri kwa mkono wako. Nikaingiza bakuli. Vidole viwili tu, Mama Kulwa. Chini ya vidole viwili ilikuwa pumba. Nikaingiza mkono mpaka bega, pumba tupu hadi kwenye udongo. Nilikaa pale chini kwenye vumbi na mkono umejaa pumba, watu wananiita.

Unajua nilifanya nini? Nikarudishia kifuniko. Nikawaambia wenzangu mtama umeingiwa na wadudu, tuchange. Wakachanga. Hakuna aliyeuliza, na leo najua kwa nini: kila mmoja alikuwa na kihenge chake nyumbani na aliogopa zamu ya kuulizwa isimfikie.

Sasa njoo Agosti hii iliyopita. Mvua ilikuwa imekatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, mpunga wa mbugani ulikauka umesimama. Kamati tukaandika barua, wilayani wakatuma watu watatu kupima hali ya chakula nyumba kwa nyumba. Vijana wastaarabu, wana fomu zao. Mwenyekiti akaniambia, katibu, waanze kwako. Na mimi, mimi niliyejua kilichokuua, nikafanya nini? Nikachinja yule tetea wetu mweusi wa mwisho. Nikaazima mchele kwa shemeji aliyeko Lusu. Nikavaa kitenge cha sikukuu. Na asubuhi ile, kabla hawajafika, nikachukua mtama uliobaki ndani, nikaumwaga juu ya pumba zako, nikausawazisha kwa mkono, kama ulivyousawazisha wewe.

Sikupanga kudanganya. Naapa. Nilikuwa nataka chakula kuliko kitu chochote, nimeandika barua ya kukiomba kwa mkono wangu huu. Lakini mgeni amefika, ana viatu vyenye vumbi la safari, amesema hodi. Utampokea kwa sufuria tupu? Wewe ungenifukuza uani! Basi kijiji kizima kikafanya hivyo hivyo. Kila walikopita walikuta ubwabwa, kuku, maziwa mgando, watoto wamepakwa mafuta. Wakala kwa heshima, mmoja akaniambia mama mchuzi wako umenikumbusha nyumbani. Wakafunua vihenge, wakaona mtama. Wakaandika.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache: hali ya chakula katika kijiji chetu ni ya kuridhisha. Tukatolewa kwenye orodha ya vijiji vya kupewa chakula.

Siwalaumu. Wangeandika nini na mifupa ya kuku iko kwenye sahani?

Sasa ni mwisho wa Novemba. Mbegu zimeliwa. Nisikufiche, nyumba nyingi hapa wanapika mara moja, viazi vikavu vya matobolwa asubuhi au uji jioni, wanachagua. Mlenda wa porini umeshachumwa hadi njia ya zahanati. Shuleni mwalimu ameacha kuwachapa wanaosinzia.

Nilipanda treni pale Bukene nikaenda Tabora mjini, nikamfuata Mzee Nassor wa Isevya, yule Mwarabu aliyekuwa ananunua karanga zetu. Magunia aliyotuma mwaka ule ulioondoka hukuyaona. Yalifika Machi. Wewe ulikuwa umeshalala miezi miwili, tukapikia watu uji karibu na kaburi lako. Safari hii alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyashika: "Mwanangu, nitatoa nilicho nacho. Lakini mimi ni duka, mimi si serikali. Mwaka huu ninacho, mwakani biashara ikilala mtamfuata nani?" Akatoa magunia yake, Mungu amlipe, na tulipoyagawa kila nyumba ilipata bakuli chache. Nilirudi kwenye treni nikiwaza neno lake njia nzima. Kweli, tumewaachia uhai wa watoto wetu wenye maduka na wenye huruma. Huruma yao ikichoka?

Ndipo diwani akaniombea nafasi ya kusema kwenye kikao cha wilayani, wanapoandaa bajeti. Tulichotaka kamati ni kitu kimoja: chakula cha dharura kiwe na fungu lake, limeandikwa kabla ya njaa, la kununua na la kusafirisha. Mvua ikikatika Machi, mahindi yawe njiani Septemba, siyo tuanze kuzungusha bakuli la michango Januari wakati watu wanazikana. Nilikuwa nimeiandika hotuba, nimeikariri nikichota maji.

Ukumbi ulikuwa umejaa, mafeni yanazunguka, suti tupu. Nilisema vizuri, Mama Kulwa, ungejivuna. Wananchi wanaumia, nikasema. Kaya nyingi zina hali ngumu, nikasema. Kisha afisa mmoja, mtu mpole tu, akainua uso kutoka kwenye makaratasi yake akauliza, "Mama, pole kwa safari. Na wewe nyumbani kwako, chakula kipo?"

Nikajibu, "Tunamshukuru Mungu, kipo."

Loo! Lilitoka lenyewe. Kama mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri hata kama paa limeezuliwa. Yule afisa akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikakaa. Nikaiona kalamu yake inasogea, na nikaisikia sauti yako kabisa, kutoka mlangoni kwako: nimeshakula, Limi.

Nikasimama tena bila kuruhusiwa. Nimeshika kiti cha mbele. Nikasema, hapana, nimedanganya. Chakula hakipo kwangu. Na Agosti nilidanganya pia, nilichinja kuku wa mwisho, nikamwaga mtama juu ya pumba. Na mimi nikishaanza unanijua. Nikawaambia nilijifunza kwa nani. Nikakutaja. Jina lako, Kabula binti wa watu, mke mkubwa wa nyumba yetu, aliyekufa akisema ameshiba. Nikawaambia nesi alichosema. Nikawaambia mpaka vidole viwili.

Mmoja akaniuliza kwa nini basi tusiendelee na michango, wafadhili si wapo? Nikamwambia michango inakuja watu wakishalia, na sisi hatulii mbele za watu. Sisi tunawapikia wageni. Ndiyo maana fungu liandikwe mapema, lisisubiri mpaka mtu avuliwe nguo.

Na mimi nilikuwa nimeshakuvua wewe.

Hilo ndilo ninaloomba msamaha. Siri uliyoifia, niliitoa mbele ya watu ambao hawakukujua hata sura. Uliificha kwangu, mimi niliyelala hatua kumi kutoka mlangoni kwako, kisha nikaenda kuimwaga ukumbini. Wengine nyumbani hawajui wanitazame vipi. Doto ndiye kabisa. Habari zilimfikia kabla sijashuka kwenye gari. Alinisubiri uani, hakunipokea mzigo, akasema, "Umemvua mama yangu nguo mbele za wanaume." Tangu siku hiyo ananiamkia kwa mdomo tu, na maji yake anachota peke yake.

Lakini mimi nami nina hasira na wewe, ngoja niseme. Nilikuwa mke mwenzako, jamani, si mgeni! Tulizika mume pamoja. Watu walisubiri tugawane mabati na tutukanane, tukawakomesha, tukabaki. Nilikuita dada. Na bado ulinifungia kihenge kama mtu wa fomu. Ungeniambia "Limi, sina" mara moja tu, tungegawana ule uji, tungekonda wote wawili, lakini ungekuwepo. Basi. Nimesema.

Kikao hakikuamua. Walisema suala la fungu litajadiliwa, na tathmini irudiwe kwanza, kwa sababu waliyonayo inasema tumeshiba. Ndiyo hiyo ya kesho. Wakikuta tena kuku na ubwabwa, nani atanisikiliza mara ya tatu? Nitakuwa yule mama mwongo wa pande zote mbili, na kijiji kitakula maneno yangu hadi mavuno, kama mavuno yatakuwepo.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia kesho msipike, msiazime, msipake watoto mafuta. Fungueni vihenge. Wanawake wanaitikia haya, Mama Ngasa ameitikia mara mbili, lakini nilipotoka kwake nikasikia anatwanga. Anatwanga nini? Mchana huu nimeona mtoto anapita na kikapu kimefunikwa kanga, nikageuza uso. Sikuwa na nguvu ya kumfunua mtoto.

Na Doto amefunga kuku. Sijui kamtoa wapi, jogoo mdogo, kamfunga kamba pale kwenye nguzo ya kihenge chako. Nikamuuliza kwa upole, huyo wa nini? Akasema, "Mgeni hawezi kuondoka na maji matupu kwenye uwanja wa mama." Nikaingia ndani nikachukua daftari hili.

Hivi ninavyoandika amekuja kusimama mlangoni. Ameniuliza jambo ambalo hatujawahi kuulizana: "Kwani mama alikuwa anakula saa ngapi?" Nimetafuta jibu, Mama Kulwa. Nimetafuta asubuhi, mchana, jioni. Sikumbuki hata siku moja ya mwaka ule nilipokuona unatafuna. Nimemwambia sijui. Amekaa kizingitini, hajalia, anamtazama yule jogoo. Bado hajamfungua. Kisu nacho sijakiona kilipo.

Kesho wakifika nitawapa maji na kiti. Nitakifungua kihenge chako mimi mwenyewe, mbele ya Doto, na nitamwomba yule kijana wa fomu akunje shati aingize mkono hadi bega, asiishie kwenye vidole viwili. Na kikao cha bajeti kikikaa nitakwenda, na kingine nitakwenda, kwa treni au kwa miguu, mpaka fungu hilo liandikwe kwa jina lake. Hiyo ni ahadi. Na ahadi nyingine ni ya hapa uani: mtu yeyote akiniambia ameshakula, mtoto au mkubwa, nitaingia ndani mwake nifunue sufuria. Watanichukia. Wanichukie.

Lala, mwenzangu. Usinikasirikie sana. Ninachoogopa zaidi si wale wageni, ni ulimi wangu, maana watakuja na lile swali lao la upole, na nimeshakosea mara mbili. Kwa hiyo naanza kujibu kwako, nipate kuzoea.

Sijala, dada. Tangu jana sijala.

Limi