Nani Alipanda Chai ya Kwanza Kapchelwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mvua ya mawe asubuhi. Majani ya chai yametoboka kama chujio. Chifu amenipigia simu nikiwa nakamua. Banda jipya la kupimia majani limekwisha, Jumamosi ya wiki ijayo linafunguliwa, mheshimiwa wa kaunti atakuja. Wanataka nisimulie historia ya Kapchelwa — watu walifikaje huku, chai ilianzaje. Na banda litapewa jina la mtu aliyepanda chai ya kwanza.

Nikakubali kabla hajamaliza. Mimi ni MC! Harusi, harambee, hata matanga nikiwepo watu hucheka kidogo. Nani mwingine wangemwita?

Nimemwambia Chepchirchir. Mke wangu hakuinua macho kutoka kwa sufuria. Akasema najua kuchekesha, historia sijui. Nikasema historia ni kuuliza wazee tu. Akasema haya, uliza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeuliza. Afadhali ningekaa.

Nilianza na Baba Mkubwa Kimeli. Alikuwa anapunguza ua. Swali halijatoka vizuri mdomoni, jibu limeshafika: ni baba yake. Yaani babu yangu, Arap Sitonik. Wakati ule chai ilikuwa ya wazungu peke yao kule estate, na babu akaipanda hapa kabla ya mtu yeyote. Alivua kofia akisema hayo, akasimama wima kama anasoma somo kanisani. "Andika hivyo, Kipkemboi, ufunge kitabu."

Nikavuka kijito kwa Mzee Nyaberi. Baba yake, Mogaka, alitoka upande wa Nyamira kuja kuchuma chai ya mzungu, akapenda baridi yetu, hakurudi. Tumekuwa majirani tangu hapo. Mzee akaniwekea ndizi. Nani alipanda chai ya kwanza huku? Akashangaa kwamba kuna mtu hajui. Baba yake, bila shaka! "Nyinyi mlikuwa na ng'ombe tu. Chai mlikuwa mnaiogopa."

Nimerudi nyumbani na mkungu wa ndizi na kichwa kinauma.

Ijumaa, 8 Agosti

Habari imeenea. Nimeenda kusaga mahindi, foleni nzima imegawanyika. Wa upande huu wa kijito wanasema Sitonik. Wa upande ule wanasema Mogaka. Mwenye mashine naye akazima mota ili asikie vizuri. Unga wangu umekaa pale saa nzima!

Hiyo ningeivumilia. Shida ni Chepkemoi.

Binti yangu anafundisha Fort Ternan. Yeye na Zack wameshakubaliana kuoana — na Zack ni mjukuu wa nani? Wa Nyaberi! Watu wao wanakuja hapa kwangu Jumapili tarehe kumi na saba kuomba msichana. Siku moja tu baada ya kufungua banda. Baba yangu alishafariki, kwa hivyo mkubwa wa nyumba ni Baba Mkubwa Kimeli, yeye ndiye anapaswa kuwapokea. Leo amekuja mpaka mlangoni, hakukaa.

"Mtu anataka kuninyang'anya jina la baba yangu Jumamosi, halafu Jumapili nimpe na msichana?"

Akaenda zake. Chai yake ikabaki mezani inatoa mvuke.

Chepkemoi amepiga simu jioni. Nimemwambia mambo yako sawa. Akasema baba, sauti hiyo ni ile ya matanga.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Kogo. Sijui kwa nini sikuanza naye. Bibi yangu huyu ndiye mke wa Arap Sitonik, ndiye mama wa Baba Mkubwa, na ndiye peke yake aliyebaki wa wakati ule. Macho yamepungua. Mdomo, hapana.

Kumbe wenzangu wamenitangulia! Baba Mkubwa alimletea kibuyu cha mursik, maziwa yameiva vizuri, na Kogo akasema ndiyo, mwanangu, baba yako alikuwa wa kwanza. Kesho yake Mongina, mke wa Nyaberi, akaja na sukari na maparachichi. Kogo akasema ndiyo, mama, Mogaka alikuwa wa kwanza. Halafu likaja shuka jipya, sikuambiwa limetoka upande gani, na chai ikarudi tena kwa Sitonik.

Nikakaa. Nikamuuliza, Kogo, ukweli ni upi?

Akapapasa mikono yangu. "Wewe umekuja na nini?"

Nilikuwa na simu tu. Akasema amechoka, anataka kulala.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimepeleka mkate. Nilimkuta anapukusa maharagwe, nikakaa kumsaidia, na kusema kweli nilikuwa nimekata tamaa ya kuuliza. Mvua ilianza kupiga mabati. Akasema ilikuwa mvua kama hii siku walipoenda kuiba.

Kuiba nini, Kogo?

"Si hiyo chai yenu!"

Haki ya Mungu. Maharagwe yalinimwagika.

Amesema hivi. Ilikuwa Jumapili mchana, wazungu wamekwenda klabu yao. Mogaka alifanya kazi kwenye kitalu cha estate, alijua miche iko wapi na askari gani hupenda kusinzia. Babu yangu alikuwa na punda. Wakang'oa miche, wakaipanga kwenye magunia, juu wakamwaga samadi mbichi. Kufika getini punda akagoma. Akasimama tu! Askari akaamka, akauliza mmebeba nini. Mbolea, afande. Harufu ikamtosha. Akataka waondoke haraka, na punda haondoki, kwa hivyo askari mwenyewe akaweka bunduki chini akawasaidia kusukuma.

Wakagawana, nusu upande huu wa kijito, nusu upande ule, wakaificha katikati ya mahindi. Nani alitangulia kupanda? Kogo akacheka. Walipanda pamoja, shimo kwa shimo, huyu anachimba, yule anaweka. Mwaka uliofuata mzungu mmoja alipita akauliza vile vichaka ni vya nini. Kogo akamwambia ni dawa ya tumbo la ng'ombe.

Nikamuuliza mbona hajawahi kusema.

"Kimeli ni mzee wa kanisa. Na nyinyi nyote mkija mnauliza nani wa kwanza tu."

Halafu akawa mpole. Akasema babu alipougua, barabara ilikuwa matope matupu, na ni Mogaka aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Alipokufa, Mogaka hakula siku ile. Akaendelea na maharagwe yake. Mimi nilikuwa nimeacha.

Alhamisi, 14 Agosti

Je, Kogo amenitungia? Mkate ule ulikuwa mzuri sana.

Nimekwenda kwa Mzee Nyaberi. Nikamuuliza tu, mzee, na punda je? Akashtuka. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, Mongina akaja mbio na maji. Baba yake alimsimulia akiwa kitandani anaaga dunia, na akamwapisha asimwambie mtu. Basi ni kweli! Alipofuta machozi akakumbuka yeye ni mweka hazina wa kanisa. Akanishika mkono. "Mwanangu, usiseme hayo mbele ya mheshimiwa."

Baba Mkubwa naye nilimkuta kwenye chai yake. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye samadi akakaa juu ya kikapu cha majani, kikabonyea.

"Baba? Jumapili?"

Kuiba hakukumuuma kama ile Jumapili. Akainuka, akajipangusa majani. Kisha akasema basi, hayo lazima yalikuwa mawazo ya Mogaka.

Ijumaa, 15 Agosti

Maajabu.

Sijapiga mswaki, Baba Mkubwa yuko mlangoni. Amekaa leo, amekunywa chai, akaongeza. Ameomba usiku kucha na moyo wake umelainika. Majirani ni watu wa kuheshimiwa. Banda lipewe jina la Mogaka! Yeye hana kinyongo kabisa.

Hajafika barabarani, Mzee Nyaberi anaingia kwa njia ya chini. Naye moyo wake umelainika! Wenyeji ni wenyeji. Jina liwe la Arap Sitonik, na Mogaka asitajwe hata kidogo.

Chepchirchir alitoka nje. Nilimsikia nyuma ya boma la ng'ombe akicheka peke yake.

Lakini Jumapili haijapona. Baba Mkubwa anasema atawapokea wageni iwapo watakubali heshima ya banda. Nyaberi anasema watakuja iwapo sisi tutaikubali. Fundi wa kibao amepiga simu kutoka Chepilat, rangi iko tayari, anaandika nani? Nimemwambia aache wazi. Zack amenitumia ujumbe: "Baba, kwani tumewakosea nini?" Nimeandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko hemani. Mvua. Mheshimiwa amechelewa, halafu akafika, halafu hema likavuja juu ya mheshimiwa.

Wazee wamekaa mbele, Kogo katikati yao na lile shuka lake jipya. Tangu asubuhi wananong'onezana juu ya kichwa chake. Ni babako. Hapana, mzee, ni babako. Upole mpaka unachosha! Chepkemoi na Zack wako nyuma chini ya mwavuli mmoja. Hawatazami jukwaa. Wananitazama mimi.

Nimeitwa. Nimesimama, nimesalimia, nimetoa mzaha wa kwanza, watu wamecheka. Mzaha wa pili umecheleweshwa na jasho. Nikasema, historia ya Kapchelwa inaanza... na hapo Kogo akainua mkono. Nikampa maikrofoni. Ningefanyaje? Ni bibi yangu! Nimerudi kitini, sina kazi, naandika.

Ameanza na ile Jumapili. Chifu ameinamisha kichwa. Baba Mkubwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani anasali. Sasa miche. Sasa magunia. Mvua inapiga hema. Sasa samadi — mtu amecheka huko nyuma, ni Chepchirchir, najua kicheko hicho. Mheshimiwa anacheka! Hema zima! Sasa wako getini, punda amesimama.

Kogo ameshusha maikrofoni. Amegeuka, anawatafuta wazee wawili kwa mkono kwa sababu haoni vizuri.

"Kimeli. Nyaberi. Simameni, muonyeshe watu baba zenu walivyosukuma."

Hakuna anayecheka tena. Wanaangaliana. Mzee Nyaberi ameweka fimbo yake chini taratibu, ameshika mgongo wa kiti, ameinuka. Baba Mkubwa bado amekaa. Hapana — ameninyooshea kofia yake nimshikie, anainuka. Naweka kalamu chini.