Wasifu Alioukisia Nykia

Greenwood, 12 Aprili 2014

Verlene mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nyumba imepwaya tangu tumzike baba yako. Mlifika salama Milwaukee?

Nina neno, usinune. Nykia aliposimama kanisani kusoma wasifu wa babu yake, watu waliitikia "amina" kila mstari. Mimi nilikuwa nafuata kwenye karatasi ya mazishi, yenye wasifu na picha zake. Hakusoma kitu. Alitazama picha ya trekta, akasimulia trekta. Ya harusi, akasimulia harusi. Jikoni nikamuuliza. Akaniambia, "Bibi, ndivyo tunavyosoma shuleni. Ukikwama, angalia picha, kisia." Darasa la tatu huyo. Nenda shuleni ukamwone mwalimu wake.

Mama yako

Milwaukee, 30 Mei 2014

Mama mpenzi,

Hujambo? Goti je? Sisi wazima.

Nilinuna, tena sana. Kisha nikaenda. Mwalimu akasema kwa upole, "Watoto wenu wanakuja na matamshi ya nyumbani, hawazishiki herufi. Mpe muda." Nikamuuliza mbona Wazungu wa darasa la Nykia wanasoma. Akainuka, akanifungulia mlango. Mama wa mmoja wa watoto hao akaninong'oneza getini: wao wamewatafutia watoto wao mwalimu wa pembeni wa kulipwa, anawafundisha sauti ya kila herufi. Mimi nitamtoa wapi huyo?

Binti yako

Greenwood, 8 Juni 2014

Verlene,

Goti linauma, lakini hasira inauma zaidi. Mimi nilisoma shule ya weusi watupu, paa linavuja, na sauti za herufi tulifundishwa. Matamshi yangu yalikuwa haya haya. Mlete likizo. Ukishindwa, nitamfundisha kwa simu kila Jumapili nikitoka kanisani.

Mama yako

Milwaukee, 3 Novemba 2017

Mama,

Samahani kwa ukimya. Natumaini goti limepoa.

Unajua likizo ilivyoliwa na zamu zangu za kazi. Zile Jumapili za simu, mwalimu alisema unamchanganya mtoto, nami nikazikata. Sasa yuko darasa la saba, na wamemhamishia darasa la wasioelewa. Wengi mle ni weusi. Nimetia saini fomu yao ya kukubali, nimechoka kubishana.

Jana mezani nilimwambia, "Mpigie bibi, muanze upya."

Akasema, "Mama, hizo sauti ni za watoto wadogo. Mimi ni mjinga tu, niache."

Hakulia. Akaendelea kula. Ukipata la kumjibu, nipigie mimi, maana yeye hatapokea.

Binti yako