Mikuki ya Msiba wa Mama Mkwe

Shemeji yangu,

Tangu tukuzike mvua haijakata. Migomba yako miwili imeanguka, mkeo ameanza kula vizuri, na mume wangu bado anakutaja kana kwamba umekwenda Mbalizi sokoni na jioni utarudi.

Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hai ulikataa kushukuriwa. Kila nilipoanza, ulinikatiza: "Shemeji, lete chai." Leo utanisikiliza, huna pa kukimbilia.

Alipofariki mama mkwe wangu, ulikuwa mbunge wetu, lakini ulikuja kama rika la mume wangu, mtu uliyechunga naye ng'ombe. Ulivua koti, ukashika mkuki, ukaingia kucheza na wanaume wenzako kumsindikiza mama, kama tunavyofanya huku tangu zamani. Ulicheza vibaya, nisikufiche. Ulimkanyaga mjomba wa mume wangu mpaka akatoka anachechemea, na sisi wanawake tukacheka huku tunalia.

Kumbe kijana wa usalama, mgeni aliyeletwa wilayani kutoka mbali, alikuwa akitutazama kutoka barabarani. Aliona mikuki na vumbi na wanaume wakikimbia huku na huku. Hakuuliza hata mtoto. Taarifa ikapanda juu kwamba mume wangu anafundisha watu vita ili wakatae kuhamia kijiji cha ujamaa. Msiba wa mama yake mzazi, shemeji. Wakaja wakamchukua, wakampeleka Iringa, na kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa serikali ina mkono mrefu, mama, rudi nyumbani.

Watu waliokula ugali wa msiba ule wakaanza kupita njia ya nyuma wasionekane wakinisalimu. Mchungaji aliniambia nisali tu. Nilisali, lakini nilishajiona mjane.

Wewe ukasimama Bungeni ukasema taarifa ya usalama ni uongo, na aliyeiandika aletwe aulizwe. Ukasema, "Mimi nilikuwepo. Mkuki nilishika. Kama ile ni vita, nikamateni na mimi." Redio haikutangaza neno. Nilisikia kwa dereva wa lori la ndizi, nikakaa chini palepale kando ya barabara nikalia, maana nilijua umejitia kitanzini kwa ajili yetu.

Baada ya maneno yako wakamwachia. Mume wangu alirudi amekonda, akisikia hodi anashtuka. Uchaguzi uliofuata wakubwa wa chama wakalikata jina lako. Hakuna aliyewaomba radhi ninyi wawili, si yeye si wewe. Nilipokuja kukulilia ulisema joto la Dar es Salaam lilikuwa limekuchosha, na kahawa yako inataka kupogolewa. Uongo mtupu. Kazi ile ulikuwa unaipenda.

Siku ya kukuzika, wageni wawili wenye suruali za kunyooka walisimama pembeni ya ua, hawali, hawalii. Wanaume wakatazamana, mikono mitupu. Mzee mmoja akanong'ona kwamba leo tuimbe nyimbo za kanisa tu. Mume wangu, yule anayeogopa hodi, akaingia ndani kwako akatoka na mkuki, akaanza kucheza peke yake mbele ya wale wageni, machozi yanamtoka. Halafu mjomba akamfuata. Halafu wote. Laiti ungeona, shemeji. Nilijisikia fahari mpaka nikaona haya, msibani.

Juzi mbunge mpya alikuja kutusalimu. Alipomaliza hotuba nikanyoosha mkono, nikamuuliza: wakitusingizia tena, utasimama useme? Akajibu kwamba suala hilo litafanyiwa kazi. Watu wakaguna. Nakuahidi, kila akija nitamuuliza lilelile mbele za watu, mpaka ajibu.

Ndaga fijo, shemeji yangu. Asante kwa yote uliyokataa kusikia. Pumzika. Mume wangu yuko nyuma ya nyumba anachanja kuni, na nikimwita, anaitika.